Mama Eko na Dirisha la Pili

Siku ya kwanza kumjua alikuwa amejifunika pazia kichwani, kasimama juani mbele ya mlango wangu saa saba mchana, na watoto wa mtaa wamemzunguka wakicheka. Mwenyewe hakuwaona, na hiyo ndiyo iliyokuwa haja yake.

"Fundi," akasema kutoka mle ndani ya kitambaa, "kuna nukta ya mwanga hapa, karibu na sikio la kushoto."

"Hilo ni tundu la sindano, mama."

"Basi lizibe."

Pazia lile alinirudishia mara tatu. Nimeshona mapazia ya maarusi, ya wagonjwa, hata la kutenga wanawake msikitini, na katika hayo yote sijaona mteja akilijaribu kwa kulivaa. Mara ya nne akatoka mle ndani jasho likimtiririka, akasema, "Hapa sasa ni giza," akalikunja akaenda zake. Asante sikuisikia. Nikamwambia mke wangu kwamba yule ama ni mchawi ama ana wazimu.

"Yule ndiye jirani aliyehamia nyumba ya mabati mekundu," mke wangu akasema. "Anapima mioyo hospitalini kule Kilifi. Wewe ungekuwa unatoka nje ungemjua mwezi mzima sasa."

Hapa mtaani kwetu Barani tulimwita Mama Eko, kwa kuwa kipimo chenyewe huitwa eko. Mashine hutuma sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, sauti ikagonga moyo ikarudi, na kwa ule mwangwi mashine ikachora picha ya moyo unavyopiga, picha inayoonekana vizuri gizani tu, na ndiyo iliyokuwa kazi ya lile pazia. Wengine walimwita daktari na hilo lilimuudhi. "Daktari ni yule anayekuandikia dawa," alikuwa akisema. "Mimi naangalia tu." Alilitamka hilo "naangalia tu" kama mtu mwingine anavyotamka "mimi ndiye mwenye nyumba".

Na ndiye huyu aliyekuja kuona kitu kifuani mwa mwanangu, ambacho mimi babake nilikuwa nimekiona kabla yake nikakishonea gauni la kukificha. Nitafika huko. Jambo la aibu halitaki haraka.

Kuhusu mimi la kusema ni dogo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaja nikaketi nyuma ya cherehani hii, sijainuka. Wako watu wana kiguu na njia. Mimi nina kiguu na kanyagio. Mke wangu husema siku nikifa kaburi halitanitisha, nimeshazoea kukaa mahali padogo. Kwa hivyo karibu yote ninayoyajua juu ya Mama Eko yalikuja yenyewe hapa mlangoni, mengi yakiwa ndani ya koti lake jeupe.

Koti lile lilikuwa likipasuka mahali pamoja tu, mfuko wa kulia. Nikalishona, likapasuka, nikalishona tena kwa uzi wa mabegi. Mwisho nikamuuliza anabeba mawe? Akatoa chupa ya ile jeli wanayopaka mgonjwa kifuani kabla ya kumpima. Ikiwa baridi, alinieleza, mtoto hushtuka, akishtuka hulia, na akilia moyo unakwenda mbio na picha inakuwa fujo. Kwa hivyo asubuhi huitia chupa kwenye bakuli la maji moto, na kati ya mgonjwa na mgonjwa huitia mfukoni ipate joto la mwili wake.

"Kumbe unailalia kama kuku," nikasema.

"Na wewe unakaa kama kuku anayelalia," akasema. "Tofauti yetu ni kwamba mimi ninaangua."

Ndivyo alivyokuwa. Ulimi wake ulikuwa na ncha, na haraka yake ilitutia maudhi. Sisi watu wa huku salamu ni safari: habari ya kuamka, ya watoto, ya yule mgonjwa, ya wageni, ya mvua. Yeye alitoka bara alikozaliwa akiwa amezoea salamu za mguu njiani. Ukimwanzia habari ya kuamka, alikujibu yote kwa mkupuo mmoja, "Nzuri," naye keshapita milango miwili. Mke wangu alisema zile ni salamu za mtu anayefukuzwa na mbwa.

Mke wangu huyo anakaanga viazi karai hapo kibarazani. Kila jioni Mama Eko akishuka kutoka Kilifi hupita, huchukua kiazi kimoja, huuma, hukunja uso. "Chumvi hii, mama, unataka kuwamaliza watu?" Kisha hueleza chumvi inavyoupandisha mgandamizo wa damu, na wateja wawili watatu hurudisha mikono nyuma. Halafu yeye huvuta kigoda, huagiza sahani nzima, huongeza achari ya embe, na hulamba vidole mpaka cha mwisho.

"Mama, si umesema chumvi?"

"Nilikuwa nasema na nyinyi."

Lakini wagonjwa waliotoka huku kwetu na kupita mikononi mwake walirudi na habari ya mtu mwingine kabisa. Walisema mle chumbani ana subira ya mtu anayengoja kaa atoke shimoni. Akina mama wa kutoka mashambani waliwaleta watoto wamefungwa hirizi kifuani, na siku moja muuguzi kijana akashika mkasi. Mama Eko akamzuia mkono. "Usikate. Isogeze mgongoni. Tunatafuta moyo hapa, hatutafuti ugomvi." Na moyo wenyewe alikuwa akiusemesha. "Haya, njoo. Usinigeuzie mgongo. Ehe, hapo hapo, tulia." Mzee mmoja alitoka mle akaniambia kwamba kwa miaka yote aliyoishi, hakuna mwanamke aliyewahi kumbembeleza kama vile, na kumbe haambiwi yeye.

Msemo wake mkubwa aliuokota kibarazani kwangu. Ilikuwa mwisho wa Ramadhani na wanaume wamejaa hapa wakizozana juu ya mwezi. Kijana mmoja alidai ameuona. Wazee wakamuuliza uliona wapi, pembe zake zilielekea wapi, nani mwingine alikuwa nawe? Kijana hakuwa na mwenziwe, na siku ile tukalala na nia ya saumu. Mama Eko alikuwa amekaa na sahani yake ya viazi, Mkristo peke yake katika kikao, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi mngekuwa mafundi wazuri wa eko," akasema. Tangu hapo ikawa ndiyo hadithi yake: tundu la moyo halishuhudiwi na dirisha moja.

Dirisha, kwa lugha ya kazi yake, ni pale mahali kifuani unapoweka kile kidude cha mashine uone ndani. Mifupa ya mbavu huzuia, mapafu huzuia, kwa hivyo madirisha ni machache, na kila moja lina uongo wake. Alinionyesha hapa hapa. Akachukua kipande cha hariri mezani kwangu, akakinyoosha mbele ya macho yangu kwa ukingo wake.

"Unaona nini?"

"Uzi. Hata uzi wenyewe kwa shida."

"Na sasa?" Akakigeuza, kitambaa kikanijaa usoni. "Ukuta kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo ni mwembamba hivi. Ukiutazama kutoka chini, huku kwenye ncha ya moyo, sauti inapita sambamba nao, haigongi, hairudi. Mashine inachora giza katikati ya ukuta. Mtu asiyejua atasema, hilo tundu."

"Na anayejua?"

Alirudisha hariri mezani, akailainisha kwa kiganja mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Jibu alikuja kulitoa miezi baadaye, nikiwa nimeinamia ule mfuko wake. Nilikuwa nimemtania kuhusu gunia dogo la chumvi ambalo mke wangu aliliona jikoni kwake, limefungwa kamba, halijaguswa, yeye ambaye chumvi ya wenzake haimshindi.

Miaka yake ya mwanzo kazini, akasema, aliletewa mtoto kutoka Gongoni, baba yake mfanyakazi wa mashamba ya chumvi. Akaweka kidude kwenye ncha ya moyo, akaona giza katika ukuta, akaandika tundu. Foleni ilikuwa ndefu, hakugeuza. Mtoto akatolewa shule. Akakatazwa kukimbia, akakatazwa kuogelea, mama yake akawa anamkalisha kitako akiwatazama wenziwe, mpaka zamu yao ilipofika katika hospitali kubwa Nairobi. Huko wakamtazama kwa madirisha yote. Ukuta mzima.

"Yule baba akarudi," Mama Eko akasema. "Nikajua amekuja kunitukana na nikajiweka tayari. Akaniletea chumvi. Anashukuru. Anasema Mungu ameliziba njiani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Nikamwambia halikuwepo, ni mimi. Akasema, sawa mama, basi tushukuru halikuwepo." Akautazama mfuko mkononi mwangu. "Chumvi ile siwezi kuila wala siwezi kuitupa. Haya, shona, mbona umesimama?"

Sasa zamu yangu.

Binti yetu Zuhura alikuwa gredi ya nne. Mwembamba, mwenye kukohoa kila upepo ukigeuka, na akicheza kuruka kamba alikuwa ndiye wa kushika kamba. Tulimpeleka dukani kwa dawa, akaambiwa ni kifua, akaambiwa ni pumu, bibi yake akamfunga hirizi. Mimi nilisema ametokea kwetu. Sisi si watu wa kukimbia. Nilisema kwa kujisifu.

Januari nikampima sare mpya. Nina tepu hii shingoni tangu ujana na vidole vyangu vinajua mwili wa mtu kuliko macho. Nikakuta upande wa kushoto wa kifua chake, chini ya titi, mbavu zimeinuka kuliko za kulia. Kidogo tu, lakini gauni lilikataa kulala. Sasa mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Mimi nikachukua chaki. Nikaachia mshono wa kushoto, nikabana wa kulia, nikaongeza rinda, na mtoto akatoka amesimama sawa kama askari. Niliufurahia ule mshono. Nilimwita mke wangu aje auone.

Jioni moja nikamtuma Zuhura apeleke koti nyumba ya mabati mekundu. Akarudi na Mama Eko nyuma yake, amemshika bega.

"Fundi, nani kashona hii sare?"

"Nani tena?"

"Wewe hukosei. Mbona mshono huu umeachia na huu umebana?"

"Kifua chake kimeinuka kidogo upande huo. Nimekirekebisha."

Alinitazama. Halafu akamuuliza Zuhura, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hapa mtaani, akienda na kurudi shuleni hupumzika mara ngapi. Zuhura akasema mara mbili, kwenye kisima na kwenye duka la mkaa. Mimi sikulijua hilo. Ni mwendo wa dakika kumi, na mimi sijawahi kuutembea.

"Mlete Jumanne," Mama Eko akasema.

Jumanne hiyo nilikuwa na sare za watu. Iliyofuata kulikuwa na mvua. Ya tatu sikumbuki nilisema nini, lakini mke wangu anakumbuka. Nilivyokuwa, naweza kusema sasa, ni kwamba niliogopa, na mtu anayekaa nyumbani sana hujifunza kuita hofu yake kazi. Jumanne ya nne mke wangu aliweka nguo zangu mlangoni. "Wewe ndiye uliyeshona," akasema, "wewe ndiye utakayempeleka."

Kwa hivyo nikaketi katika chumba cha Kilifi nyuma ya pazia langu mwenyewe. Nililikagua kwanza, kwa kutafuta la kufanya. Hakukuwa na nukta.

"Zuhura, lala ubavu wa kushoto. Mkono chini ya kichwa. Umekula nini leo?"

"Mahamri."

"Na?"

"Mbaazi."

"Na hukuniletea." Aliisogeza hirizi mgongoni bila neno, akatoa chupa mfukoni, akampaka. Zuhura hakushtuka. Jeli ilikuwa na joto.

Nilitarajia moyo kama wa kwenye kadi. Niliona kitu kama mdomo wa samaki unaofunguka na kufunga, kijivu juu ya weusi, na taratibu nikaanza kutambua vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Vya upande wa kulia vilikuwa vimetanuka. Na katika ukuta wa vyumba vya juu palikuwa na giza.

"Mama, hapo..."

"Nyamaza, fundi."

"Nimeliona."

"Umeona giza. Giza ni shahidi mmoja, tena mlevi."

Akamlaza Zuhura chali, akamkunja magoti, akaweka kidude chini ya mbavu, juu ya tumbo. Zuhura akacheka kwa kutekenywa. "Cheka, ukimaliza uvute pumzi uishike." Picha ikapinduka na ule ukuta ukalala mbele yetu kwa mapana, kama hariri ilipogeuzwa. Nikaomba. Niliomba ukuta uwe mzima, niliomba awe amekosea kama alivyokosea kwa mtoto wa Gongoni, niliahidi magunia ya chumvi.

Ukuta ulikuwa na pengo. Akabonyeza kitufe, ikatokea rangi inayoonyesha damu inakoelekea, na wekundu ukapita kwenye pengo lile, kutoka chumba cha kushoto kwenda cha kulia, kila pigo, kama maji yanayopita chini ya mlango.

"Shahidi wa pili," akasema polepole. Akamgeuza ubavu wa kulia akatafuta dirisha jingine. "Na wa tatu."

Kisha akaanza kupima. Alivuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo, akarudia, akapima kila upande wa tundu, ukuta uliobaki mpaka mwisho wake. Yeye ambaye mtaani hanipi muda wa kumaliza habari ya kuamka, alimpa mwanangu karibu saa nzima. "Tulia, mama, ehe. Hapo hapo." Sikujua anamwambia Zuhura ama ule moyo.

Mwishowe akanivuta kando, karibu na pazia.

"Nilikosa," nikaanza. "Niliona kifua nikarekebisha gauni."

"Ulirekebisha vibaya. Ungejua kuficha nisingeona."

Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa lawama ama huruma.

"Mimi naangalia tu," akasema. "Daktari ndiye atakayewaambia. Lakini nikuulize jambo la kazi yako. Ukiletewa nguo ina tundu, unatazama nini kwanza?"

"Ukingo wa tundu."

"Kwa nini si tundu lenyewe?"

"Tundu ni tundu. Ukingo ukiwa umechakaa, kiraka hakishiki. Ukingo ukiwa mzima, hata tundu kubwa linazibika."

Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ukingo wa huyu ni mzima pande zote," akasema, akafungua pazia langu mwangaza ukaingia.

Daktari aliyasema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Nikaenda Nairobi, mimi, siku kumi na mbili nje ya nyumba yangu, na niliporudi majirani walinisalimu kama mtu aliyetoka Hija. Kifua cha Zuhura hakikupasuliwa. Walipitia mshipa wa pajani mpaka moyoni, wakaweka kitu mithili ya vifungo viwili vya koti vilivyoungana migongo, kimoja upande huu wa ukuta, kimoja upande ule, vikabana. Nilipoonyeshwa mfano wake nilimuuliza daktari uzi uko wapi. Akasema hakuna uzi, ni ukingo ndio unaoshika. Nikasema nilikuwa najua.

Kitambo baadaye Mama Eko alistaafu akahamia Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Aliniachia koti moja, mfuko umepasuka. Nililishona, likakaa. Kila Zuhura aliposema twende tukamwone, mimi nilikuwa na sare za watu. Mwaka huu, akiwa sekondari, akaacha kuuliza. Akachukua koti, akachukua mkoba wa mahamri, akasimama mlangoni.

Nyumba yenyewe iko juu ya kilima. Njia ni ya mchanga, na mimi nilikuwa na viatu vya kwendea arusini. Zuhura alitangulia, akarudi kunitazama, akatangulia tena. Nilipofika uani nilikuwa sina hata pumzi ya hodi.

Mama Eko alikuwa ameketi mlangoni akimenya muhogo kwa kupapasa. Macho yameingia ukungu. Anangoja kufanyiwa upasuaji, alituambia baadaye. Wakati ule hatukujua. Tuliona tu kwamba aliinua uso na hakutuangalia, aliinamisha sikio.

"Shikamoo," Zuhura akasema.

"Marahaba. Ni nani?"

"Zuhura, wa Barani. Wa fundi."

Uso wake ukafunguka. Halafu, nikiwa nimejishika kiuno, pumzi zangu zinaingia na kutoka kama msumeno, nikauona ule uso ukifunga tena. Kisu kikasimama juu ya muhogo.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona bado unahema hivyo?"

Zuhura alicheka, kicheko kile kile cha kutekenywa.

"Huyo ni baba, mama. Mimi niko hapa."

Mabega ya Mama Eko yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Sikio moja," akasema. "Shahidi mmoja, tena mlevi. Miaka yote hii sijajifunza." Akaweka kisu chini. "Fundi, keti kabla hujanifia hapa, sina mashine. Zuhura, jikoni kuna gunia la chumvi lina kamba. Lifungue, tia kwenye muhogo, umchotee na baba yako maji humo humo. Kisha uje."

Zuhura akaenda mbio akarudi mbio. Mama Eko akamshika mabega, akamgeuza kuelekea mwangaza, akasogeza uso karibu. Akafumba jicho moja akamtazama kwa la kulia. Akafumba lile akamtazama kwa la kushoto.

"Haya," akasema. "Sasa nimeona."